Njia Naiona Ndotoni

Mliniacha mlangoni kwa Mwalimu Mkuu, mkono kwenye kitasa, moyo unadunda kana kwamba unataka kunitangulia kuingia. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nasema, liwalo na liwe.

Kwa aliyenikuta leo kwa mara ya kwanza, kisa changu kiko hivi. Mimi ni matroni wa basi la shule. Kazi yangu ni kuwapandisha watoto, kuwafunga mikanda, kuwapangusa pua na kuhakikisha kila mmoja anashukia kwao na si kwa jirani. Dereva wa basi hilo ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Ndiye aliyenilea tangu baba alipotuacha, na ndiye aliyeniombea kazi hii. Tunaishi nyumba moja, yeye, mama na mimi.

Mjomba ana desturi yake. Kila asubuhi, kabla hatujaenda kuchukua mtoto hata mmoja, huwasha injini gari likiwa limesimama uani kwa shule, huondoa mikono kwenye usukani, hufumba macho, na husikiliza. Anasema macho yakiwa wazi masikio yanakuwa mavivu. Asiporidhika na anachokisikia hatutoki, hata wazazi wapige simu mpaka zizime.

Mimi nilimpiga picha akiwa katika hali hiyo.

Asubuhi ile alikuwa amenigombeza kwa kuchelewa, tena mbele ya mlinzi, nami nilikuwa nimenuna. Sisemi nililipiza kisasi. Nasema nilikuwa nimenuna. Nikaikata ile picha pembeni, maana dirishani alionekana mlinzi na ndoo yake, na ukuta wa shule, na geti limefungwa, nikaona vinaharibu. Ukabaki uso wa Mjomba na usukani, macho yamefumba, mdomo wazi kidogo. Juu yake nikaandika: "Tulia mtoto, njia naiona ndotoni."

Nikaitupa kwenye grupu la matroni wenzangu wa shule nyingine, wasiomjua Mjomba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nilijisikia bingwa.

Wiki haikwisha, picha ikanirudia kutoka kwa watu nisiowajua. Mara Mjomba yuko kitandani kashika usukani. Mara yuko mwezini na watoto nyuma. Mara ni stika, anakoroma. Wakambatiza jina: Dereva Ndoto. Halafu kicheko kikageuka, kwa sababu mtu mmoja aliongeza maneno yake chini ya picha: "Huyu ndiye anayewabeba wanetu kila siku."

Hapo ndipo niliposhika kitasa. Sasa nikakizungusha.

"Ingia, ingia," alisema Mwalimu Mkuu. Alikuwa anajifuta machozi.

Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Nisamehe," akasema akinisogezea simu. "Hii nimetumiwa sasa hivi na dada yangu. Hata hajui kwamba ni dereva wangu."

Kwenye kioo cha simu Mjomba alikuwa amevalishwa pajama na mabawa, anaendesha basi letu juu ya mawingu. Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Ilikuwa imetengenezwa vizuri kuliko yangu.

Mwalimu Mkuu akakunja sura. "Utani ni utani, lakini wazazi wanataka kikao. Ijumaa jioni, bwaloni. Watoto watabaki na walimu mpaka tumalize."

"Mwalimu, mimi nimekuja kusema..."

"Najua ulichokuja kusema. Ni mjomba wako, inakuuma. Hata mimi inaniuma. Lakini nikuulize kitu. Amewahi kusinzia?"

"Hajawahi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mwalimu. Ile picha..."

"Maana mimi nimeanza kukumbuka." Akaegemea kiti na kutazama dari. "Mwaka jana tulipokwenda ziara ya makumbusho, mimi nilikaa nyuma yake. Kuna mahali gari liliyumba. Wakati ule nilidhani ni shimo."

"Lilikuwa shimo, Mwalimu! Nilikuwepo. Chai yako ilinimwagikia mimi."

"Labda," akasema. Macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye simu.

Nikavuta pumzi ili niseme. Akaniwahi.

"Na jambo jingine. Aliyepiga hii picha alikuwa ndani ya basi. Kesho msimamizi wa usafiri atapita kwa kila mfanyakazi kukagua simu. Mwenye picha yenyewe, ile ya asili, tukimpata anaondoka siku hiyo hiyo. Huwezi kumdhalilisha mzee wa watu namna hii halafu ukaja kunywa chai na sisi."

Sikumkumbusha kwamba machozi ya kucheka yalikuwa bado mashavuni mwake.

"Wewe sikushuku," akaendelea. "Najua huwezi kumfanyia hivyo mjomba wako. Haya, ulitaka kusema nini?"

Nikaiona kazi yangu, nikamwona mama na dawa zake za presha, nikamwona Mjomba akiambiwa ni nani aliyempiga picha.

"Nilitaka kusema Mjomba ni mtu mwema."

"Hicho ndicho utakachowaambia Ijumaa. Wewe ndiye unayekaa kando yake. Watakuamini wewe kuliko mimi."

Nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru, nikatoka.

Nikaenda moja kwa moja kwenye choo cha wafanyakazi, nikajifungia.

Picha ya asili ilikuwa bado kwenye simu yangu, nzima, kabla sijaikata. Mlinzi na ndoo yake. Ukuta. Geti limefungwa. Hata kipofu angeona kwamba gari limesimama. Ningeipeleka kikaoni ile picha moja, mambo yangekuwa yamekwisha na Mjomba angetoka mle kifua mbele.

Lakini ni nani angeipeleka bila kuulizwa ameipata wapi?

Nikajitoa kwenye lile grupu, kisha nikabonyeza kufuta picha hiyo na ile niliyoikata. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Halafu nikavuta maji, ingawa sikuwa nimefanya chochote, ili aliyekuwa anasubiri nje asinishangae.

Kesho yake msimamizi akapita. Yangu akaikuta imejaa mitindo ya nywele, akanirudishia. Za wenzangu zote zilikuwa na stika za Dereva Ndoto. Ya mpishi ilikuwa nazo tele. Ya msimamizi mwenyewe, mtu alipoomba kuiona, ilikuwa nazo pia. Basi kila mtu akamtazama mwenzake, jambo likaishia hapo, hakufukuzwa hata paka.

Kwa hiyo nilikuwa nimeufuta ushahidi wa Mjomba bure.

Nikajiambia bado kuna mlinzi. Mlinzi ni mtu mzima, kila asubuhi yuko pale na ndoo yake, anamwona. Nikamfuata getini.

"Kaka, wewe unamjua Mjomba. Ile asubuhi akiwasha gari, huwa anafanya nini?"

Mlinzi akatikisa kichwa kwa huzuni. "We acha tu, dada. Kumbe siku zote alikuwa analala."

"Analala? Si wewe uliyewahi kuniambia anasikiliza injini?"

"Nilikuwa nadhani anasikiliza." Akanionyesha simu yake, Mjomba yuko mwezini. "Mpaka nilipoona hii ndipo nikaelewa."

"Lakini wewe ulikuwepo! Ulikuwa umesimama palepale!"

"Ndiyo maana nasema," akajibu mlinzi. "Mimi nilimwona kwa macho yangu."

Ndugu msomaji, ukimwambia mtu jambo zito atakudai uthibitisho, na ukikosa atakufukuza. Ukimchekesha hakuulizi kitu. Analipokea mikono miwili, analiweka ndani, na kesho yake analikuta humo akidhani ni lake mwenyewe. Nililijua hilo pale getini, nikiwa nimechelewa sana.

Jioni hiyo nikamkuta mama jikoni anakata vitunguu.

"Mama, Mjomba yuko wapi?"

"Kaenda kutembea. Anasema anatafuta usingizi." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Ajabu, mtu aliyependa kulala kama yeye. Hata utotoni ndivyo alivyokuwa."

"Mama! Maisha yangu yote umekuwa ukituambia kwamba alikuwa hatulii, mlikuwa mnamfunga kamba kiunoni asitoroke!"

"Nilisema hivyo mimi?"

"Kila sikukuu."

Mama akasimamisha kisu, akafikiri. "Basi labda alikuwa anatoroka huku kalala. Wapo watu wa namna hiyo."

Ningecheka kama si mimi niliyeyaanzisha yote haya. Mama anampenda mdogo wake huyo kuliko macho yake, na picha yangu imemwingia mpaka kwenye utoto wao.

"Lakini siku hizi halali kabisa," akaongeza. "Namsikia anazunguka sebuleni. Anakaa, anaitazama ile picha, anasimama, anazunguka. Asubuhi macho mekundu kama pilipili. Ongea naye, wewe anakusikiliza."

Mjomba akaingia wakati tunaandaa meza. Nikamwamkia. Akaitikia, akaketi, akasukuma sahani mbele.

"Mpwa wangu, nikuulize. Asubuhi nikifumba macho, huwa nafumbua baada ya muda gani?"

"Muda mfupi tu, Mjomba."

"Mfupi kiasi gani?"

"Mfupi. Mtu hajamaliza kufunga viatu."

Akatafuna kidogo, akaacha. "Unadhani huwa nasikiliza kweli? Au huwa nimelala, halafu nikiamka naona kama nilikuwa nasikiliza?"

Hiyo ndiyo nafasi niliyopewa. Mama alikuwa ameelekea jikoni kuchukua maji. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, meza moja katikati yetu. Maneno yalikuwa machache: Mjomba, ni mimi.

"Kula, Mjomba," nikasema. "Chakula kinapoa."

Tangu siku hiyo akaacha kusikiliza gari. Anawasha, anatoka. Macho ameyakodoa kama ya samaki sokoni, hata kupepesa anaogopa. Nikamuuliza kuhusu injini, akasema injini itajijua.

Na watoto, nao, mnawajua watoto.

"Dereva, uko macho?"

"Niko macho."

Tunafika kona. "Dereva, uko macho?"

"Niko macho, wanangu."

Kwenye matuta walikuwa wanaimba kwa pamoja, wakipiga makofi: "Tulia mtoto! Njia naiona ndotoni!" Maneno yangu yale, kwenye vinywa vya watoto wasiojua hata kufunga kamba za viatu. Niliwanyamazisha, wakanicheka.

Mmoja tu ndiye hakuimba. Ni yule mdogo kuliko wote, tunamwita Punje. Mama yake alikuwa amemwekea sharti: akae kiti cha mbele, ayatazame macho ya dereva kwenye kioo, na akiyaona yamefumba apige kelele. Mtoto ameichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Zamani alikuwa analala begani kwangu kuanzia kwao mpaka shuleni. Siku hizi halali. Anakaa wima, mikono magotini, anamlinda mtu mzima.

"Dereva, umepepesa," anasema.

"Samahani, bibi."

Mjomba anamwomba msamaha mtoto kwa kupepesa macho! Mimi niko hapo kando, nimebeba mikoba yao, natazama nje.

Ijumaa ikafika.

Asubuhi hiyo mama aliniambia mlangoni kwamba Mjomba hakugusa kitanda kabisa. Alikuwa anapiga pasi shati la kikao, akimaliza analirudia. Nilipompa kikombe cha kahawa akakinywa akiwa amesimama, akachukua funguo.

Tulikuwa tumeshapakia karibu watoto wote. Tukaingia ile barabara iliyonyooka ya maghala, kuta pande zote mbili, haina kona wala tuta, na watoto kwa mara ya kwanza wiki hiyo wamechoka kuimba. Basi likawa kimya. Hata Punje alikuwa ameinamia kiatu chake.

Nikamtazama Mjomba.

Kichwa chake kilikuwa kinashuka. Taratibu, kama mtu anayekubali jambo. Macho yakafumba, mdomo ukawa wazi kidogo.

Ilikuwa ile picha yangu. Ileile, ila safari hii ukuta wa dirishani ulikuwa unakimbia.

"Mjomba!"

Akashtuka, akakanyaga breki. Mikoba yote ikanitoka, chupa za maji zikabiringika mpaka mbele. Basi likasimama kiasi cha kuweza kuugusa ukuta wa ghala kwa mkono. Nyuma yetu lori likapiga honi ndefu, likatupita.

Watoto wakalipuka kwa furaha. Walidhani ni mchezo.

"Tena, Dereva! Tena!"

Mjomba alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye shati la pasi.

"Nimesinzia?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikawatazama watoto. Nikamtazama Punje, ambaye alikuwa analengwalengwa na machozi kwa sababu hakuona chochote, alikuwa anahangaika na kiatu.

"Hapana, Mjomba. Paka amekatiza."

"Sikuona paka."

"Amekatiza. Mimi nimemwona."

Halafu akashusha kioo ili apate upepo, akaendesha mpaka shuleni mwendo wa bibi harusi. Mimi nilikuwa naongea njia nzima, sijui hata nilikuwa naongea nini, ili tu asipate nafasi ya kufumba macho.

Mwanzo alikuwa hasinzii, nikaufanya ulimwengu useme anasinzia. Sasa anasinzia kweli, kwa sababu halali, kwa sababu ya ulimwengu ule, na mimi ninasema hasinzii. Nilikuwa nimedanganya pande zote mbili, na katikati ya pande hizo walikuwa wamefungwa mikanda watoto wa watu. Niliwafunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Jioni bwalo likajaa. Wazazi waliketi kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, simu mapajani. Mwalimu Mkuu mbele, pembeni yake mwenyekiti wa kamati, mama mmoja tunayemwita Mama Pacha kwa sababu wanawe wawili hawatofautishiki. Mjomba aliwekwa kiti chake peke yake, nami nikakaa jirani naye. Punje, ambaye mama yake alikataa kumwacha kwa walimu, alikuwa amepakatwa mstari wa mbele, na bado anatekeleza wajibu wake, macho yake kwa Mjomba.

Mama Pacha akasimama. Si mwanamke wa fujo.

"Mimi sisemi ya kusikia. Siku ile ya mvua kubwa nilikuwa nyuma ya basi hili darajani. Nilimwona huyu baba kwenye kioo chake cha pembeni, kichwa kimeanguka, kalala fofofo. Wanangu wako mle ndani. Mpaka leo nikikumbuka siwezi kula."

Bwalo zima likaguna.

Nikaruka. "Mama Pacha, samahani. Siku ya mvua kubwa Mjomba alikuwa mgonjwa."

"Mnasikia?" akasema mzazi mmoja nyuma. "Mgonjwa, na bado wakampa gari!"

"Hapana, namaanisha alikuwa nyumbani! Gari liliendeshwa na mtu wa kuazima!"

"Wa kuazima! Kwa hiyo hata leseni zao hatuzijui!"

Kila nililolichomoa lilizidi kuzama. Mama Pacha alikuwa ameketi, anabubujikwa na machozi ya kweli kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea kamwe. Hakuwa mwongo. Ningeweza kupambana na mwongo. Huyu alikuwa amekiona, na aliyemwonyesha ni mimi.

Mwingine akasimama, akasema aliona pale sheli, gari likijazwa mafuta. Mwingine akasema mwanawe huota ndoto mbaya. Mwalimu Mkuu, bila kuulizwa, akasema hata yeye, katika ziara ya makumbusho, ana jambo analolikumbuka.

"Basi asikilizwe mwenyewe," akasema mzazi mmoja, mtu wa makamo, mpole.

Mjomba akasimama. Lile shati lilikuwa na mikunjo mgongoni, mahali jasho la asubuhi lilipokaukia.

"Wazazi wenzangu, mimi nimeendesha gari umri wangu wote. Sijagonga hata kuku. Mngeniuliza kabla ya hii picha kama nasinzia, ningewacheka." Akasita. "Leo mkiniuliza, sijui. Naitazama ile picha na mimi mwenyewe naona mtu aliyelala. Nyote mmeona. Mimi ni nani nibishe?"

Hakuna aliyecheka.

Akatoa funguo za basi mfukoni, akazishika kiganjani.

"Lakini yuko mtu mmoja ambaye hukaa kando yangu kila siku ya Mungu. Nimemlea. Hawezi kunidanganya. Muulizeni yeye. Akisema nasinzia, funguo hizi hapa. Akisema sisinzii, leo nitakwenda nyumbani na nitalala usingizi."

Akaketi, na watu wote wakanigeukia mimi.

Nilisimama. Nilikuwa na mambo mawili ya kusema na yote mawili yalikuwa kweli. La kwanza lilikuwa linaniangamiza mimi: kwamba picha ni yangu, na gari lilikuwa limesimama, na picha ya asili niliifuta chooni. La pili lilikuwa linamwangamiza yeye: asubuhi, barabara ya maghala. Hapakuwa na paka.

Nikisema la kwanza peke yake, Mjomba anarudi kwenye usukani Jumatatu akiwa na macho mekundu. Nikisema la pili peke yake, anakwenda kaburini akiamini kwamba ulimwengu ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

"Ile picha," nikaanza, "gari lilikuwa limesimama."

"Umejuaje?" akauliza Mama Pacha.

"Kwa sababu..."

"Sema kwa sauti!"

Nyuma kabisa mtu alikuwa ametumiwa kitu kwenye simu, akacheka, jirani yake akainama kutazama, naye akacheka, viti vikasogezwa, watu wakageuka kuona kuna nini. Katikati ya kelele hizo ndipo nilipolisema. Midomo yangu ilitikisika, nililisikia mimi mwenyewe.

"Niliipiga mimi."

Hakuna aliyesikia. Mama Pacha alikuwa ametega sikio kwa mkono, anakunja uso. Mwalimu Mkuu alikuwa anagonga meza watu watulie.

Nikapumua. Nisifiche: nilipumua kwa nafuu.

Ndipo Mjomba akainua mkono. "Tafadhalini, ndugu zangu. Mtoto anasema jambo, sijalisikia vizuri."

Bwalo likatulia.

Akaziweka funguo gotini. Akaondoa mikono, akaining'iniza kando ya kiti. Akaniinamishia kichwa upande mmoja, mdomo wazi kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aache kulisikiliza gari lake, akafumba macho.

Katika watu wote waliokuwemo mle ndani, ni mimi tu niliyejua anachofanya.

"Haya," akasema. "Sema tena."

"Dereva!" Punje akapiga kelele kutoka mapajani kwa mama yake. "Dereva, fumbua!"

"Jamani, tazameni!" mtu akapayuka nyuma. "Kalala! Kalala mbele yetu!"

Simu zikaanza kuinuka. Mbele, pembeni, kule nyuma, mikono juu ya vichwa, watu wakipanda kwenye vile viti vidogo ili wasikose. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, mpishi naye akatoa mkono wenye simu.

Mjomba hakufumbua. Kelele zote hizo zilimpita. Alikuwa ananingoja mimi tu, kama anavyoingoja injini mpaka imwambie kinachoiuma.

"Usiogope, mpwa wangu," akasema. "Nakusikiliza."